Fundi Aliyepima Kengele kwa Miguu

Fundi alinunua nyanya mbichi. Hilo ndilo hunijia kwanza nikimkumbuka, hata kabla ya kompyuta na milingoti. Alisimama kwenye kibanda cha mama mboga, nje ya ploti tuliyofanyia kazi Kawangware, akazichagua moja moja kama mtu anayechagua miwani, na katika tano alizonunua, tatu zilikuwa za kijani.

"Fundi, hizi bado," mama mboga alimwambia huku akicheka. "Hizi ni za wiki ijayo."

"Napenda zikomae nikiziangalia," alijibu bila kuinua macho.

Kwa muda mrefu nilidhani huo ni mzaha wake. Haukuwa mzaha. Ilikuwa siri, na siku ilipofika mimi ndiye niliyeitoa.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Ukimuuliza kwao, alisema "Ziwani," kana kwamba ziwa lote lilikuwa boma la baba yake. Jina lake pia sitaliandika. Liliwahi kutumika vibaya mara moja, kwa mkono wangu, na mara moja inatosha. Nitamwita tulivyomwita sote.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Mwenye ploti alikuwa na jengo la ghorofa nne, na juu ya paa alisimamisha mlingoti. Kutoka hapo tulirusha intaneti hadi paa la fleti moja Soweto East, na kutoka Soweto East ikagawanywa Kibera nzima: maduka, shule mbili, vinyozi, na kliniki moja ndogo ya watoto kule Kianda. Fundi na mimi tulikaa katika chumba cha juu kabisa, mbele ya skrini moja, tukiangalia programu ya kusimamia mtandao. Kifaa chochote kikipata shida, programu ilitoa kengele. Ustadi wa kazi ile haukuwa kusikia kengele. Ulikuwa kujua ipi inakufanya uache chai mezani, na ipi inaweza kungoja hadi uimalize.

Programu ilikuja na uzito wake iliopewa kiwandani. Uzito ulikuwa wa ngazi nne. Hatari ilikuwa nyekundu, kubwa rangi ya chungwa, ndogo ya njano, na onyo bluu. Waya ukichomoka popote, hata katika duka lililofungwa, ilikuwa hatari. Joto likipanda kwenye kifaa, lilikuwa onyo tu. Watu wengi wa kazi hii huacha mambo yalivyo. Fundi aliangalia orodha ile wiki yake ya kwanza akatoa sauti puani.

"Aliyeandika hii kitu hajawahi kufika Kianda," alisema. "Anajua waya. Hajui watu."

Basi akaanza kubadilisha uzito mmoja mmoja, na alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine, ingawa nimezunguka na kazi hii miji mingi. Hakubadilisha chochote akiwa kitini. Kila Jumamosi tulichagua kengele moja, tukashuka ngazi, tukavuka Ngong Road, tukatembea hadi kilipo kifaa chenyewe, tukakaa hapo saa nzima. Hatukutengeneza chochote. Tuliangalia tu ni nani anayeumia kikizimika. Tukirudi aliandika katika daftari lake gumu la jalada jeusi: tarehe, kengele, uzito wa zamani, uzito mpya, sababu, majina. Majina, kwa sababu lazima tuwe wawili tuliokubaliana. Ndipo alipogusa kompyuta.

"Kengele hupimwa kwa miguu," aliniambia, siku ambayo viatu vyangu vilikuwa vimejaa matope na nilikuwa nimeanza kulalamika.

Kulikuwa na kinyozi Soweto East aliyetupigia simu mara tano kwa siku. Intaneti ikikatika dakika mbili alitukana hadi tukaweka simu mbali na sikio. Mimi nilitaka apandishwe awe kengele kubwa, angalau tupumzike. Fundi akanichukua hadi pale. Tukakaa kwenye benchi lake saa nzima huku intaneti ikikatika na kurudi. Kinyozi alinyoa watu watatu, akatazama kipande cha mpira kwenye simu, akatukana, akanyoa wa nne. Mlango wa pili alikaa msichana mmoja mtulivu aliyepiga chapa maandishi ya watu wa mbali kwa kompyuta ya mkopo. Kila intaneti ilipokatika, kurasa zake zilipotea akaanza upya. Hakuwa ametupigia simu hata siku moja. Hakujua kama inaruhusiwa.

Tuliporudi, Fundi alimpandisha msichana akamshusha kinyozi. "Mwenye kelele tayari ana msaidizi," alisema. "Ana mdomo wake."

Nilidhani yameisha. Jumamosi iliyofuata alinirudisha kwa kinyozi, peke yangu safari hii, nikamwambie uso kwa uso kwamba ameshushwa na kwa nini. Hiyo ilikuwa sheria yake nyingine, na ndiyo niliyoichukia zaidi. Ukimpunguzia mtu uzito, nenda umwambie mwenyewe. Kumpandisha mtu si lazima umjulishe. Kumshusha ni lazima.

Kinyozi alizima mashine katikati ya kichwa cha mteja. "Kwa hivyo mimi ni rangi gani sasa?"

"Njano."

"Na yule msichana?"

"Chungwa."

"Na Sista wa kliniki?"

"Nyekundu."

Akafikiri. "Sista ni sawa," akasema. "Lakini huyo Fundi mwambie hata njano iko na wazazi."

Habari ikaenea, na kwa miezi kadhaa watu wa Kibera walituuliza barabarani, kwa utani na kwa wivu kidogo, "Niaje, mimi niko rangi gani leo?" Fundi aliwajibu wote. Wenye rangi hawakujua kwamba aliyewapa alikuwa haoni zote.

Kuhusu sauti. Fundi hakutegemea rangi za skrini, akazipa kengele sauti alizozirekodi mwenyewe kwa simu. Kengele ndogo ilikuwa kikohozi chake. Kengele kubwa ilikuwa mwiko ukigonga sufuria. Hatari ilikuwa jogoo wa ploti ya nyuma, na pia ilituma ujumbe kwenye simu yake popote alipo. Onyo halikuwa na sauti wala ujumbe. Maonyo yalipita chini ya skrini kimya, mistari ya bluu, na hakuna aliyeyasoma ila Fundi mwisho wa mwezi.

Chini yetu aliishi soja aliyelinda usiku na kulala mchana. "Fundi," alipaza sauti kutoka dirishani, "hiyo kuku yenu nitachinja."

"Ni jogoo," Fundi alimjibu kwa upole. "Na ukichinja utakula kompyuta."

Hakuwa mtu wa kutabirika. Alitaka kila kitu kiandikwe, lakini binti yake alipomwandikia ujumbe alikaa siku nne bila kujibu, akisema anatafuta maneno. Alihubiri utulivu na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti isiyofuata mtu. Alikuwa bahili wa nyekundu, akasema nyekundu nyingi ni sawa na hakuna nyekundu, lakini sukari katika chai yake ilisimamisha kijiko. Na alikuwa na majivuno. Hakukubali kuambiwa amekosea na mtu aliyeketi. Ilibidi usimame kwanza. Mimi alinidhihaki mbele ya watu zaidi ya mara moja. "Huyu," alimwambia mwenye ploti, "ni mzuri sana wa kusikia. Bado tunamfundisha kusikiliza." Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nina cheti changu cha sekondari, nimeshafanya kazi Thika na Athi River. Niliumia, na sikuusahau ule mkwaruzo. Nautaja si kama udhuru. Nautaja kwa sababu ulikuwepo.

Nguo zake zote zilikuwa kaki. Mashati ya kaki, suruali za kaki. Nilidhani ni unyenyekevu.

Siri niliijua asubuhi moja waya wa spika ulipolegea. Niliingia nikakuta mstari mwekundu umekaa katikati ya skrini, mpana, na Fundi ameketi mbele yake akinywa chai bila wasiwasi. Nikamwonyesha. Akaangalia mahali kidole changu kilipo, akaangalia uso wangu, na kikombe kikabaki hewani. Akausukuma waya wa spika, jogoo akawika, tukashughulikia tatizo. Baadaye akafunga mlango.

"Nyekundu na kijani kwangu ni ndugu," alisema. "Chungwa ni binamu yao. Tangu utotoni. Bluu naiona vizuri, pengine kuliko wewe. Huyu mzee wa ploti akijua, atasema mtu kama mimi hawezi kazi ya rangi. Na kazi hii si ya rangi, omera, ndugu yangu. Umenisikia?"

Nikamwambia nimemsikia. Nikamwapia kwa mama yangu, ambaye alikuwa hai wakati huo.

Sasa nifike kwa Sista. Alikuwa muuguzi wa ile kliniki ya Kianda, mwanamke mnene wa Vihiga mwenye sauti ya kupanga foleni. Alikuwa na friji moja ya chanjo za watoto, na alimwambia Fundi siku moja kwamba halali vizuri stima ikipotea wikendi, maana hajui friji inaendeleaje. Fundi akamfungia kipimajoto chenye betri ndani ya friji, akakiunganisha na kisanduku chetu cha intaneti, nacho chenye betri yake. Kiwandani, joto lilikuwa onyo la bluu. Fundi alikwenda Kianda, akakaa saa yake, akarudi akaliandika kuwa hatari. Sababu, katika daftari: *Watoto.* Hakuna alipoandika sababu fupi kuliko hiyo.

Taabu ilikuwa Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku ya chanjo, na akina mama walijaa hadi barabarani. Sista alifungua friji, akatoa, akafunga, akafungua. Joto likapanda kidogo kila mara, na jogoo akawika kwetu Kawangware mara sita, mara nane, asubuhi nzima. Nilimwomba Fundi alishushe. Akakataa. Alisema dawa si kulishusha bali kulichelewesha, jogoo awike tu joto likikaa juu kwa muda fulani. Lakini muda gani? Hilo hakutaka kulikisia. Alitaka kukaa kliniki Alhamisi moja na saa mkononi, ahesabu mlango wa friji hukaa wazi kwa muda gani, ndipo aandike.

"Alhamisi ijayo," alisema. Alhamisi ikaja, antena ya Soweto East ikainamishwa na upepo, akaenda kupanda paa badala yake. Akaniachia chumba.

Ruhusa ya kubadilisha uzito ilikuwa kwa jina lake peke yake katika programu. Wiki kadhaa kabla, akichoka kuitwa kila mara kutoka juu ya milingoti, alikuwa amenipa neno lake la siri.

Jogoo aliwika. Akawika tena. Kichwa kilikuwa kinaniuma. Soja akagonga dari yake, ambayo ni sakafu yetu, kwa mpini wa ufagio, akatoa matusi niliyoyastahili kabla ya wakati. Jogoo akawika mara ya saba. Nikaingia kwa jina la Fundi, nikatafuta friji ya Kianda, nikaishusha kutoka hatari hadi onyo. Ilichukua muda mfupi kuliko kumimina chai. Sikuandika katika daftari, kwa sababu nilikuwa nitairudisha jioni. Jioni nilisahau.

Jumamosi stima ilikatika upande ule wa Kianda. Jumapili haikurudi. Kliniki ilikuwa imefungwa, Sista yuko kanisani, amelala vizuri usiku kwa sababu aliamini jogoo wetu. Mstari wa bluu ulipita kwenye skrini bila sauti. Simu ya Fundi haikupata ujumbe wowote.

Jumatatu Sista alifika Kawangware kwa miguu, amebeba kisanduku baridi cha kubebea chanjo. Akakiweka mezani kwetu na kukifungua. Kilikuwa kitupu.

"Nimemwaga zote," alisema. "Nimewaambia wamama wa leo, waliokosa Alhamisi, warudi nyumbani hadi zingine zije. Kuna mmoja ameomba ruhusa kazini mara mbili, hii ya tatu wamemfuta." Alimwangalia Fundi tu. Mimi sikuwepo machoni pake. "Fundi, si uliniambia nilale?"

Mwenye ploti alipanda akasimama mlangoni. Alikuwa mtu wa heshima zake, aliyerithi ile ardhi kwa babu yake, na hakupenda kelele katika jengo lake. "Nani aliguza hii kitu?"

Fundi akafungua kumbukumbu za programu. Alhamisi, saa nne asubuhi, friji ya Kianda, kutoka hatari hadi onyo. Na jina lake. Akalisoma kimya. Akachukua daftari, akafungua ukurasa wa wiki ile, akakuta hakuna mstari wa Alhamisi. Nilikuwa nimeketi mkono mmoja kutoka kwake. Alijua alikuwa wapi Alhamisi saa nne. Alikuwa juu ya paa Soweto East, na watu wazima ishirini walimwona. Hakuniangalia. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Akafunga daftari polepole. Nafasi ile ilikuwa yangu, nilitakiwa niitumie.

Sikuitumia.

"Jina ni langu," alisema mwishowe.

Mwenye ploti aliniita nje, pale kwenye ngazi. "Huyu mzee ni nini? Amechoka? Niambie ukweli, bwana, wewe ndiye unakaa na yeye."

Ningeweza kusema sijui. Hata hilo lingekuwa uongo, lakini uongo mdogo. Badala yake nilisema, "Macho yake. Rangi hazioni vizuri. Pengine alichanganya."

Kosa la kwanza lilikuwa la kichwa kinachouma, na watu wengi wangenisamehe. Ile sentensi ya kwenye ngazi ilikuwa kitu kingine. Niliichagua. Na nilipokuwa nikiichagua nilijua kwamba nyekundu na bluu ndizo rangi mbili ambazo Fundi hakuweza kuzichanganya hata gizani. Aliniambia mwenyewe. Bluu aliiona kuliko mimi.

Mwenye ploti aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Akaingia ndani. "Mzee," alisema, bila ukali, "macho yamekuwa shida na hukutuambia. Nenda upumzike."

Hapo ndipo Fundi aliponiangalia. Mara moja, kisha akaanza kukusanya vitu vyake: kikombe, daftari, kopo la sukari. Sista alikuwa bado amesimama pale. Alisema polepole, kwa sauti ambayo si ya foleni, "Kumbe hata huoni." Kwake lile lilikuwa jibu. Hakutaka lingine. Alikwenda akakichomoa kile kipimajoto siku hiyo hiyo, akasema hataki tena kengele ya mtu yeyote, na tangu wakati huo akawa anatoka kanisani kila Jumapili moja kwa moja hadi kliniki, kutia mkono wake ndani ya friji.

Nilikalia kiti cha Fundi miezi mitano. Nilifuta sauti zake zote nikaweka mlio wa kawaida wa kiwandani. Soja alinishukuru. Kinyozi alipiga simu kuuliza kwa nini mambo yamebadilika, sikushuka kwenda kumwambia. Kisha nikaanza kuzunguka. Nakuru, Busia, Mtwapa, Isiolo. Nilifunga kamera, nikavuta nyaya kwenye hoteli, nikauza simu. Nilikokwenda kote nilikuta mtu mmoja aliyenunua nyanya kwa kuzibonyeza badala ya kuziangalia, na nikahama. Watu husema mimi situlii mahali. Ni kweli, ingawa hawajui natembea kutoka wapi.

Mwaka huu nilirudi Nairobi. Nilitafuta kazi, sikumtafuta yeye, nisijipe sifa hiyo. Nilikuwa Soko la Toi Alhamisi moja asubuhi, natafuta koti la mitumba, nikasikia mtu anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti isiyofuata mtu.

Alikuwa na meza moja chini ya bati, kati ya muuza viatu na muuza mapazia. Redio zilizofunguliwa, rimoti, chaja. Kila waya juu ya meza ulikuwa umefungwa kikaratasi kidogo chenye mwandiko wake: *moto, ardhi, spika ya kushoto.* Hakuficha tena. Shati lilikuwa lile lile la kaki, au ndugu yake.

Nilisimama. Nilikumbuka kwamba ukimwambia amekosea usimame. Hakuna aliyeniambia usimameje ukiwa wewe ndiye uliyekosea.

"Omera," alisema kabla sijafungua kinywa. "Umezeeka miguu. Nimekusikia ukija."

"Fundi. Habari ya siku?"

"Siku ni nyingi. Unauliza ya ipi?"

Muuza viatu alicheka. Fundi akamsogezea rimoti aishike. Kisha akainama chini ya meza akatoa daftari la jalada jeusi, limechakaa pembe. Hakutafuta ukurasa. Lilifunguka lenyewe, kama vitabu vinavyofunguka mahali vilipozoea.

Ilikuwa wiki ile. Jumatano ilikuwa na mstari. Kisha mstari mmoja mtupu. Kisha Jumatatu, kwa mwandiko wake: *Nilimpa mwenzangu jina langu aingilie. Sababu: uvivu.* Na jina lake mbele, moja tu.

"Langu niliandika siku hiyo hiyo," alisema. "Hilo lingine nilikuachia nafasi."

"Kwa nini hukusema? Ulikuwa na mashahidi."

"Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Halafu akasema." Akachukua bisibisi, akaigeuza, akairudisha. "Ya friji ningekusamehe kabla chai haijapoa. Hata mimi nilikuwa nimechoka na huyo jogoo. Lakini ya macho, omera. Hiyo haikuwa ya kompyuta. Hiyo nilikupa kwa mkono."

Alinisukumia kalamu.

Nikajaza. Tarehe, Alhamisi. Kengele, friji ya Kianda. Uzito wa zamani, hatari. Uzito mpya, onyo. Nikafika kwenye sababu. Nilitaka kuandika kichwa kiliuma. Nilitaka kuandika soja. Mwishowe niliandika *kelele*, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kweli, nikaandika jina langu. Kisha, kwenye ukingo wa karatasi ambako hakuna safu, niliandika: *Na nikasema ni macho yake.*

Alilisogeza daftari mbali kidogo na uso akasoma lote. Akalifunga. Hakuniambia yameisha. Hakunipa mkono.

"Sista bado yuko Kianda," alisema. "Jumapili hukutana naye njiani akitoka kanisani kwenda kushika friji. Ananisalimia vizuri. Ananishika mkono tukivuka barabara, anadhani siioni." Akaokota redio. "Ukimpunguzia mtu uzito..."

"Nenda umwambie mwenyewe," nikasema.

Akanipa daftari. Halijawahi kutoka mkononi mwake, nijuavyo, tangu alipolinunua. "Nitalitaka jioni," alisema, akaendelea na wimbo wake.

Kutoka Toi hadi Kianda si mbali kwa mtu aliyezoea kutembea. Kliniki imepakwa rangi upya, lakini benchi ni lile lile nje ya mlango, na akina mama walikuwa wamelijaza hadi ukutani. Sauti ya Sista ilisikika ndani, akimwambia mtu amshike mtoto paja na asiangalie sindano. Nilifikiri kupita mbele ya watu, kwamba yangu ni neno moja tu. Nikaona hapana.

Mama aliyekuwa mwisho wa foleni alinitazama juu hadi chini. "Na wewe baba, mtoto ako wapi?"

"Sina mtoto. Nimekuja na daftari."

Akalitazama, akanitazama tena, akajisogeza kidogo, nikapata nafasi ya kuketi. Mbele yetu walikuwa akina mama tisa. Ndani nilisikia mlango wa friji ukifunguliwa. Nikaangalia saa yangu nikaanza kuhesabu, taratibu, jinsi Fundi alivyotaka kuhesabu Alhamisi ile, hadi nilipousikia ukifungwa.